Kuponi ya Septemba

Asubuhi ya tarehe mosi Machi, Verlene Gatlin alikitandaza cheti cha hatifungani juu ya meza ya jikoni, akakibana kwa sahani mbili, kisha akakata pembeni mwake kuponi moja ya riba kwa mkasi wa kushonea. Alifuata mstari kwa uangalifu, maana benki haikupokea kuponi iliyochanika. Akavaa kofia ya kanisani, akaipeleka kuponi mjini.

Karani, Bwana Cutrer, alikuwa kijana wa kumzaa, lakini alimwita kwa jina lake tupu.

"Haya, Verlene, riba yako hii," alisema, akisukuma dola chini ya kioo. "Msalimie Odell."

"Salamu zitafika, Bwana Cutrer."

Aliporudi, Odell alikuwa amekwisha kuketi penye kiti chake, maji ya mto yakimchuruzika magotini. Verlene alimsogezea ndoo, akafuta sakafu, akapakua kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi.

"Mke wangu," Odell alisema, akitafuna kwa taabu, "laiti serikali ingejenga tuta kwa mkate huu, leo ningekuwa mzima."

"Kula, usinichokoze. Wafu wengine hawapikiwi."

Serikali ya jimbo ilikuwa imeuza hatifungani hizo, yaani kukopa kwa watu, ili kuinua tuta la kuzuia mto pande zote mbili. Kura ilipigwa, ingawa watu wa upande wa mashariki, weusi wote, hawakuruhusiwa kuipiga. Tuta likainuliwa magharibi, penye mji na viwanda vya pamba, na fedha zikaishia hapo. Mto ulipofura, ulipita mashariki. Odell hakupatikana, kwa hiyo hapakuwa na mwili wa kuzika. Verlene alichukua fedha za bima ya mazishi, akauza na nyumbu wawili, akanunua hatifungani moja ya dola elfu moja. Aliamini kwamba serikali, ikishakuwa na deni kwake, italazimika kumsikiliza habari za tuta. Haikumsikiliza. Lakini siku ya riba ya kwanza Odell aliingia kwa mlango wa nyuma, na tangu hapo alikuja kila Machi na kila Septemba, kwa sababu serikali hiyo haikupata kuchelewa kulipa.

Kila cheti kilikuwa na maiti wake. Vingi vilinunuliwa na watu wa kaskazini, na siku ya riba wafu wa mashariki walikwenda kwa wenye vyeti. Ezell, mwana wa jirani yao Lutie Spann, alikwenda kwa daktari wa meno huko Boston. Lutie hakukosa kuja kumuuliza Odell habari zake.

"Shemeji, mwanangu anakula?"

"Anapewa supu, dada Lutie. Daktari humtandikia magazeti chini ya kiti. Si mtu mbaya. Jina tu ndilo limemshinda. Anamwita Edward."

"Edward!" Lutie alicheka hadi akashika meza. "Mtoto nimemzaa kwa uchungu wa siku mbili, leo Edward!" Kisha akajifunika uso kwa aproni, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mwezi Julai Bwana Cutrer alimwonyesha Verlene tangazo lililobandikwa dirishani.

"Serikali inazilipa hatifungani zote za tuta kabla ya muda. Riba zimeshuka, basi inakopa upya kwa bei nafuu na kulipa deni la zamani. Septemba utapata kuponi yako ya mwisho na elfu yako kamili."

"Sijaidai elfu yangu, Bwana Cutrer."

"Hudai, ila unalipwa."

"Nikikataa kukitoa cheti?"

"Kitabaki karatasi. Riba yake itakoma siku hiyohiyo."

"Hizo mpya zitainua tuta letu?"

"Hizo ni za kulipa zile, Verlene."

"Basi niuzie moja."

"Hazigawanywi, kila moja ni dola elfu tano. Na zote zimekwisha kununuliwa na kampuni moja ya bima, Chicago."

Septemba Odell alikula taratibu kuliko kawaida. Lutie naye alikuwapo, mikono mapajani.

"Huko Chicago watakuweka wapi?" Verlene aliuliza.

"Ukumbi wa chini, nasikia. Sakafu ya marumaru. Tutasimama sote pamoja."

"Na Ezell?" Lutie alidakia.

"Ezell pia, dada. Huko angalau tupo tunaomjua jina."

Lutie alishukuru. Verlene alimfungia mumewe mkate katika kitambaa, na Odell akaupokea bila kuufanyia mzaha.

Machi iliyofuata mweka hazina wa jimbo alisema redioni kwamba serikali yake haijapata kumkosesha mdai wake malipo hata siku moja. Verlene, akikaanga kambare, aliona kwamba ni kweli. Alipakua sahani mbili, akala ya kwake. Upande wa mashariki tuta lilikuwa chini kama lilivyokuwa, ng'ombe wakilivuka bila kunyanyua sana miguu, na mto ulikuwa umeanza kujaa.

Baada ya chakula aliisogeza ndoo, akapiga magoti, akafuta sakafu chini ya kiti kitupu cha Odell. Alikikamua kitambaa cha kufutia kwa mikono yote miwili. Hakikutoa tone.