Sweta la Kompyuta

Jumatano ile kompyuta ya mchoraji wa ramani za majengo ilizimika mara ya tatu, joto likiwa limefika nyuzi tisini na saba, naye akaitazama kwa hasira ya mtu anayejua kabisa kosa ni la nani. Kosa lilikuwa la kitambaa. Tena si kitambaa hivi hivi: kizito, cha manjano, chenye maua ya kijani, kilichofumwa kwa mikono ya mama mkwe wake. Kilifunika kasha la kompyuta juu kote na kuning'inia nyuma mpaka chini, yaani pale pale hewa ya moto inapotakiwa kutokea.

Utasema dawa ni kukitoa. Unasema hivyo kwa sababu mama mkwe si wako. Huyu alihamia kwa mwanawe mwaka jana, akakaa miezi miwili bila kumpa mke wa mwanawe neno zaidi ya salamu. Mchoraji alimpikia chai ya tangawizi kila jioni, akampisha kiti kizuri cha karibu na dirisha, kando ya lile ua la kwenye kopo lililogoma kustawi, lakini wapi. Siku mama mkwe alipoleta kitambaa ndipo alipomwita "mwanangu" kwa mara ya kwanza. Sasa nani ana ubavu wa kukivua? Mchoraji alikuwa radhi afe na tai shingoni.

Lakini Ijumaa saa sita mchana kamati ya shule ilitaka kuona picha zinazotembea za jengo lao jipya. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza, na kompyuta ilihitaji saa nane mfululizo kuziandaa. Ikizimika katikati, inaanza upya. Akichelewa, kazi anapewa mwingine. Alimpigia mume wake simu kazini, akaambiwa, "Hayo ni yenu wawili, mimi simo."

Basi akafanya kila kitu isipokuwa kile kimoja. Akaenda dukani kwa fundi wa kompyuta aliyeitwa Baridi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupoza mashine za watu.

"Hewa inaingilia wapi na inatokea wapi, dada?"

"Inaingilia mbele, inatokea nyuma na juu."

"Kuna kitu kinaziba?"

"Hakuna," alisema mchoraji.

Baridi akamchagulia feni mbili pana za mbele. "Feni pana inazunguka polepole, inaleta hewa nyingi bila kelele. Ila usiigeuze. Upande wenye vijiti vinavyoshika mota ndiko hewa inakotokea."

Alizifunga mwenyewe, vijiti vikitazama ndani, sawasawa kabisa. Feni zikasukuma, kitambaa kikavimba kama tumbo la mtu aliyetoka harusini, na baada ya saa moja kompyuta ikazimika.

Alhamisi asubuhi, mama mkwe akiwa sokoni, Baridi akaja nyumbani. Kabla ya kumfungulia mlango mchoraji alikivua kitambaa akakisokomeza nyuma ya mto wa kochi. Fundi akashika kipande cha karatasi laini mbele ya kasha, kikavutwa kikaganda. Akakishika nyuma, kikapepea kuelekea ukutani. Juu, kikaruka. Joto lilikuwa nyuzi sitini na nane.

"Dada, hii ni nzima kuliko mimi," alisema, akaondoka akikuna kichwa.

Mchoraji akakirudisha kitambaa haraka, na mama mkwe akaingia na kapu lake, akakaa kwenye kiti chake. Joto likapanda: themanini, themanini na tisa. Mara hodi mlangoni. Baridi alikuwa amesahau bisibisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Kisha macho ya fundi yakatua kwenye kompyuta. "Ala! Nani ameivalisha sweta?"

Mchoraji alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Mimi," alisema mama mkwe.

"Ni zuri, mama," Baridi akasema. " Sema tu mashine haipumui." Akaweka karatasi juu ya kitambaa, haikutikisika. Akainua pembe moja, karatasi ikaruka mpaka begani kwa mama mkwe.

Mama mkwe akainuka, akaweka kiganja juu ya matundu, akakiondoa upesi kwa joto lile. "Hiki ndicho kinachokuzimia mashine?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ulijua?"

Mchoraji angeweza kusema hapana. "Nilijua. Niliogopa kukuudhi." Machozi yalikuwa karibu, na aliona aibu mbele ya fundi.

Mama mkwe akakikunja kitambaa mara nne, taratibu, akakiweka mapajani. Halafu akaanza kucheka. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Haya, na mimi nitoe langu. Ile chai yako ya tangawizi..."

"Unayoipenda."

"Inanichoma koo! Mwaka mzima namwagia lile ua."

Wote watatu wakaligeukia ua la dirishani, na majani yake manne ya manjano. Baridi akaokota bisibisi yake, akaaga akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

Saa moja jioni jengo la shule lilikuwa tayari, madirisha yake yote yakipita kwenye skrini, joto likiwa nyuzi sabini. Mchoraji akaituma kazi, kisha akaenda jikoni akapika chai kavu, sukari tu. Mama mkwe aliinywa mpaka tone la mwisho, akakipindua kikombe ili mkwewe aone mwenyewe.