Diski Aliyekaa Vizuri

Juzi niliota, tena mchana kweupe, nimejilaza mkekani sebuleni baada ya kula makande. Nasema mapema ili mtu asije akaniambia nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa na wasiwasi.

Wasiwasi wenyewe ni huu. Shemhilu, mume wa dada yangu, ni fundi wa magari hapa Lushoto. Wiki iliyopita alinibadilishia diski na pedi za breki za mbele, akakataa hata hela ya soda. Tangu siku hiyo, nikikanyaga breki, usukani unatetemeka mikononi. Sasa mtu aliyekufanyia kazi bure unamrudia vipi na lawama? Nikanyamaza. Na asubuhi iliyofuata ndoto hiyo nilitakiwa nimteremshe mama mkwe wangu hadi Korogwe akatolewe mtoto wa jicho, kwa ile barabara yetu ya makorongo ambayo hata wasiosali huwa wanasali.

Basi naota niko njiani, mama mkwe kiti cha nyuma. Kona ya kwanza nakanyaga breki. Usukani unatetemeka, halafu unasema, "Samahani. Siumwi mimi, nimetumwa tu."

"Umetumwa na nani?"

"Kapange foleni, utaambiwa."

Barabara inakuwa korido ya hospitali. Sishangai. Mama mkwe hayupo. Nimeshika kadi ya kliniki yenye namba ya gari langu, na pale mapokezi ameketi jeki, amevaa sare ya nesi, kola imepigwa pasi.

"Mgonjwa anatetemeka saa zote, au mpaka akanyagwe breki?" anauliza bila kuniangalia.

"Mpaka akanyagwe breki."

Jeki anageukia benchi. "Nyie matairi nendeni nyumbani. Mngekuwa nyie, angetetemeka hata asipokanyagwa."

Matairi manne yanasimama, yanajikung'uta vumbi, yanatoka. La mwisho linaniambia, "Pole na mgonjwa." Nikashukuru.

"Kinachotetemeka ni usukani au kiti?"

"Usukani."

Kiti cha dereva, aliyekuwa amejikunyata pembeni, akashusha pumzi. "Si niliwaambia mimi mzima?"

"Ingekuwa kiti, tungeanzia breki za nyuma," jeki anasema huku anaandika. "Hapa ugonjwa uko mbele. Nenda mbele."

Nikaenda mbele. Nilitembea mpaka korido ikaisha, nikajikuta sebuleni kwa watu, makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma, chai imeshatengwa. Mwenye nyumba alikuwa habu, kile chuma ambacho diski hukaa juu yake na tairi likafungwa. Mzee wa watu, ana kutu mpaka magotini. Amempakata diski mpya, anang'aa, ametulia kama mgeni wa siku ya pili.

"Umekaa vizuri?" nikamuuliza diski.

"Nimekaa vizuri, asante."

Jeki, ambaye sijui alifika saa ngapi, akaninong'oneza, "Wote husema hivyo. Uliza tena."

"Kweli umekaa vizuri?"

"Kabisa. Hata chai nimekunywa."

"Uliza mara ya tatu," jeki akasema.

Nikauliza mara ya tatu. Diski akaangalia chini.

"Kuna kitu nimekikalia," akasema.

Tukamwomba asimame. Pale mapajani pa habu palikuwa na donge la kutu, dogo kama punje ya ulezi. Kwa hilo tu diski anakaa upande, akizunguka anayumba, na pedi wakimbana anatetemeka mpaka kwenye mikono yangu. Punje ya ulezi! Nilitaka kucheka lakini habu alikuwa analia.

"Miaka kumi na minne," habu akasema, "hakuna aliyenipiga msasa. Nimeletewa mgeni sijaoga."

"Na wewe mbona hukusema?" nikamuuliza diski.

"Nitaanzaje? Nimekuja juzi, nimepokelewa vizuri, halafu nilalamikie mapaja ya mwenye nyumba? Nimetetemeka. Zaidi ya hapo ni utovu wa adabu."

Nilimshukuru sana. Nilimshukuru kwa kutetemeka, maana angenyamaza kabisa ningemteremsha mama wa watu nikijua gari ni zima. Machozi yalinitoka, nayasema wazi.

"Usinishukuru," akasema diski. "Kamwambie shemeji yako."

"Hapo sasa. Siwezi. Amenifanyia bure."

Diski akakaa tena palepale, juu ya ile punje, akakunja mikono.

"Basi," akasema, "na mimi nimekaa vizuri."

Nikaamka, jasho linanitiririka. Saa kumi kasoro. Mama mkwe alikuwa mlangoni, anachambua maharage kwa kupapasa. Nikachukua simu kabla sijapata aibu.

"Shemeji, usukani unatetemeka nikikanyaga breki."

Shemhilu akasema, "Afadhali umesema, shemeji. Ni upande wa kulia. Siku ile msasa uliniishia, habu ya kulia nikaifuta na kitambaa tu, nikajua itakaa sawa. Nimeona haya kukuambia. Usiliondoe gari, nakuja na msasa sasa hivi."

Upande sikuwa nimemtajia.

Nilipokata simu, mama mkwe akasema bila kuinua uso, "Umefanya vizuri, Baba Tunu. Uliponichukua kule Soni nililisikia linavyotetemeka kila kona."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Gari la mkwe, nitaanzaje?" Akatupa maharage mabovu pembeni. "Nilikuwa nimepanga kesho niamke naumwa tumbo. Macho yangebaki hivihivi."

Nikatoka nje, nikapiga magoti mbele ya tairi la kulia, nikasema asante kwa sauti. Jirani aliniona. Potelea mbali.