Nywele Mlangoni pa Kavetsa

"Hizi ni nywele za mtoto wangu!" Kavetsa alisema, akiinua kijiti chenye kitu kinachoning'inia. "Nanzala, wewe ndiye ulimnyoa. Sasa zimerudi mlangoni kwangu zimesokotwa kama dawa. Ulizipeleka kwa nani?"

"Nilizifukia nyuma ya choo, na wewe ukiwa umesimama hapo hapo," Nanzala akajibu. "Ama ulikuwa umesinzia, Mama Phineas?"

"Mchawi ndiye hasinzii."

"Mchawi nani? Sema vizuri watu wakusikie."

Watu walisikia. Ilikuwa asubuhi, kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Eldoret, ama Sisibo kama tulivyozoea kuiita, na hakuna aliyebaki ndani. Mimi niliacha uji motoni. Kile kitu kilikuwa na urefu wa kidole, cheusi, kimelowa. Na Phineas, mtoto wa Kavetsa, alikuwa anakohoa tangu anyolewe.

Nywele za kwanza za mtoto haziachwi ovyo. Nyumbani nyanya yake angezificha, lakini nyanya alikuwa Maragoli na Kavetsa alikuwa hapa kwenye baridi, kwa hivyo alimtafuta mama mtu mzima anayemwamini, akampata Nanzala. Tukajumlisha kikohozi na kile kitu, na hesabu yetu ilikuwa ya haraka.

Nyapara wetu, Mzee Murunga, alisema hataki fujo. Kingine kikionekana, Nanzala na mume wake wafunge mizigo watoke landi. Hapo akarudi kunywa chai.

Nanzala hakulia. Lakini nyumba yake ndiyo iliyokuwa nyumba ya watu. Wageni kutoka Busia walifikia kwake, wenye njaa walifikia kwake, na wasio na njaa pia, kwa sababu maneno matamu yote ya landi yaliiva pale pamoja na ugali. Siku ile alipika sufuria ileile kubwa. Kila aliyepita alisema ameshiba. Landi nzima ilishiba ghafla, hata wale ambao mishahara ilikuwa imeisha. Jioni mbwa walikula vizuri.

Kesho yake alikuja Chelimo, mama wa Kapseret aliyetuletea maziwa kwa vibuyu. Kavetsa alikuwa amekitunza kile kitu ndani ya kopo, akamwonyesha kama alivyomwonyesha kila mtu.

"Hii ni ya paka," Chelimo akasema.

Paka alikuwa mmoja tu pale, naye alikuwa wa Nanzala. Mume wake aliwahi kumpikia mama mmoja Kaburu, na yule mama alipohama akawaachia paka mwenye manyoya marefu, rangi ya moshi. Tulimwita Karani, kwa sababu alikaa siku nzima akitazama wengine wakifanya kazi. Karani hakutaka kuchanwa. Nanzala alijaribu na kitana mara moja, na mkono wake bado ulikuwa na alama.

"Paka anasokota nywele?" Kavetsa akauliza. "Ana mikono?"

"Ana ulimi. Anajilamba, anameza, zinakaa tumboni, halafu anatapika. Kwetu ndama akijilamba sana, tukimchinja tunakuta mpira wa nywele, mviringo kama chungwa. Na hatushtaki jirani."

"Ndama na paka ni ndugu?"

"Basi kaa umtazame. Ama unaogopa kujua?"

Chelimo alimpaka Karani samli kwenye mguu wa mbele, akasema ni ya kulainisha tumbo. Paka akailamba mpaka ikaisha. Kavetsa akaketi juu ya jiwe, Phineas mgongoni, akimtazama kama askari wa stesheni. Mzee Murunga alijitokeza. Sisi wengine tulikuwa na nguo za kuanika, na siku hiyo zilianikwa polepole sana.

Jua lilipopanda, Karani aliinuka, akatupita sote, akaenda kwenye kizingiti cha Kavetsa, mahali penye jua zuri kuliko kwingine. Akainama, akanyoosha shingo, akakohoa kama mzee wa tumbaku. Kitu kikatoka.

"Haya," Mzee Murunga akasema. "Mchawi amefika."

Tulicheka. Kavetsa hakucheka. Alikichukua kile kitu, akakiosha ndani ya maji, akakipasua na kijiti. Kisha akaleta kile cha kwanza, akakiosha vilevile. Vyote viwili vilikuwa rangi ya moshi. Akamtazama mtoto wake, ambaye nywele zake zilikuwa zimeanza kuota tena, nyeusi tititi.

"Na kesho?" akauliza. "Atanitapikia tena?"

"Achanwe kila siku," Chelimo akasema.

"Nani amchane?" Nanzala akaonyesha mkono wake.

Chelimo akatoa kikapuni brashi yake kuukuu ya kuoshea vibuyu, yaani kijiti cha mtende kilichopondwa ncha ikawa laini. Ilinuka maziwa na moshi. Hakumfuata paka nayo. Aliishika tu chini, akaendelea na hadithi zake. Karani akaja mwenyewe, akasugua shavu, akasugua shingo, akageuza mgongo. Brashi ikajaa manyoya.

"Umwachie aifuate," Chelimo akasema. "Akichoka, mwache. Na samli kidogo mara moja moja."

Nanzala akaichukua, akampa Kavetsa. "Shika wewe. Ni mlango wako aliouchagua."

Basi kila asubuhi tulimwona Kavetsa kizingitini akimsugua Karani. Alikuwa na sharti moja: manyoya yote yachomwe, hata moja lisibaki. Hakuna aliyemtaja mchawi tena. Lakini hakuna aliyekula kwa Nanzala pia. Kila mtu alingoja mwenzake atangulie.

Jumapili tulitoka kanisani, Nanzala akapika kunde na samaki. Harufu ilizunguka landi yote. Tulikuwa nje, tumeshiba. Moto wa Kavetsa ulikuwa umezima, na manyoya ya siku hiyo yalikuwa bado mkononi mwake. Alivuka uwanja, akasimama mlangoni kwa Nanzala, asiingie, asirudi.

Nanzala hakugeuka. Alikuwa anasonga ugali.

"Jiko liko huku ndani, Mama Phineas," akasema. "Choma hizo nywele, unawe mikono, ukae. Ugali umeiva."