Gari Lisilonguruma

Kwa kupima ardhi, mkaza mwana huyu hakuwa na mpinzani. Mpe bonde lenye makorongo na miiba, atakurudishia ramani safi mpaka mwenye shamba avue kofia. Ndiyo maana kazini na mtaani walimwita Mpima. Lakini mwambie arudishe gari kinyumenyume kupita geti la nyumbani kwake, jasho jembamba linamtoka. Miaka sita alikuwa na leseni, na miaka sita hiyo hakuwahi kuliingiza gari uani kwa akili zake mwenyewe. Aliingizwa.

Aliyemwingiza ni mama mkwe wake, na hapo inabidi tusimame kidogo, maana mama huyu si wa kutajwa kwa mkato. Kwa miaka ishirini na sita alisimama kwenye lango la ghala la mizigo akiyaingiza malori. Malori marefu, yenye tela, kwenye mlango uliojengwa na mtu ambaye bila shaka hajawahi kuona lori. "Njoo... njoo... kata kulia... nyoosha... njoo... basi!" Madereva wakamwita Mama Njoo, na walikuwepo wengine, wanaume wazima wenye ndevu, waliokuwa wakikataa kugusa gia ya kurudi nyuma mpaka watume mtu akamwite kutoka chooni. Katika miaka yote hiyo hakuna lori lililokwaruza ukuta. Mpima aliwahi kuwauliza jambo hilo madereva watatu tofauti, kila mmoja kwa wakati wake, kwa sababu watu wana tabia ya kutia chumvi. Wote walisema vilevile.

Geti la nyumbani lilikuwa na upana wa mita mbili na sentimita kumi na nne. Gari lao, vioo vya pembeni vikikunjwa, lilikuwa mita moja na sentimita sabini na sita. Kwa hiyo kila upande zilibaki sentimita kumi na tisa, na vioo lazima vikunjwe, na vikishakunjwa kioo cha nyuma kinakuonyesha ukuta wa uani tu. Kuliacha gari barabarani haikuwezekana, malori yangelichubua. Kuingia kwa mbele nako ni kutafuta balaa, maana asubuhi utatoka kinyumenyume mbele ya malori hayohayo. Basi kila jioni Mama Njoo alikaa kwenye kiti chake dirishani, kitambaa safi kichwani, akamwita mkwewe ndani shubiri kwa shubiri.

Sasa gari lile lilikuwa linakufa. Fundi alilitazama, akafunga boneti taratibu kama anafunika maiti, akasema, "Mama, pole." Ndipo Mpima akajikuta kwenye duka la magari, mbele ya muuzaji mwenye tai iliyombana mpaka sauti inatoka kwa shida.

"Dada yangu, kuna hiki kifaa cha kujipaki," muuzaji alisema. "Kaa, ondoa mikono."

Mpima akaondoa mikono. Usukani ukaanza kuzunguka wenyewe, kushoto, ukatulia, kulia, ukarudi. Gari likajipenyeza katikati ya magari mawili likasimama sawia na mstari. Mpima hakuficha kitu, alipiga makofi. Yeye ni mtu wa vipimo, na kazi safi ya vipimo ikifanywa na mtu au na mashine, lazima aivulie kofia.

"Tatizo ni moja," muuzaji akasema. "Kinafungwa kiwandani. Ukikiacha sasa, baadaye hakiongezeki. Na oda inatoka Jumatatu."

Bei yake ilikuwa ya kukaa chini kwanza. Lakini si bei iliyomnyima Mpima usingizi.

"Chukua," mumewe alimwambia jikoni jioni ile. Mume huyu alikuwa mpishi wa hospitali, mtu mwema kabisa, asiyejua kuendesha hata toroli. "Kwani unafikiria nini?"

"Namfikiria mama."

"Mama atapumzika."

"Amechoka kupumzika! Tangu avunjike nyonga hafanyi kingine humu ndani. Ile robo saa ya jioni ndiyo kazi yake. Nikileta gari linalojipaki, nitakuwa nimemfukuza kazi mama yako."

Mume akaacha kumenya viazi. Kutoka chumba cha pili, sauti iliyozoea kushindana na injini za malori ikapita ukutani bila kugonga hodi.

"Wewe mtoto wa watu, nasikia! Lilete hilo gari nilione kwanza. Kama linanizidi, nitaliachia kazi."

Jumamosi mchana muuzaji akaleta gari la majaribio. Mume alikuwa zamu. Gari lilikuwa la umeme nusu na mafuta nusu, jeupe, kimya kabisa. Lilifika mlangoni na paka aliyelala barabarani hakuinua hata kichwa. Muuzaji akasogea dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Legeza hiyo tai, unaongea kama unakabwa," Mama Njoo akasema. "Haya, mkwe aanze mwenyewe, bila mashine yenu. Halafu mashine ifuate. Tuone."

Mpima akaingia, akakunja vioo, akafunga mlango. Muuzaji akakaa pembeni yake. Ila gari hili halikuwa na gia ya kushika, lilikuwa na kitufe cha kuzungusha, na Mpima akawa anakitafuta kwa vidole huku mguu uko kwenye breki. Hapo ndipo sauti ikaanza.

"Njoo... njoo... njoo... kata kulia kidogo..."

Mpima akacheka. Mama na utani wake.

"Nyoosha... njoo, usiogope... njoo... shubiri mbili..."

Hakucheka tena. Gari lilikuwa palepale barabarani, halijasogea hata unene wa kucha.

"Shubiri moja... basi! Hapo hapo. Umeona? Kazi imekwisha."

"Anamwongoza nani?" muuzaji akanong'ona.

Mpima akatoka, akapita uani, akaingia chumbani, akamkuta mama ameelekeza uso nje kwa tabasamu la mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu lini nini?" Mama Njoo akajifanya hamnazo.

"Gari halijatoka lilipo. Sijaweka hata gia."

Tabasamu likabaki kidogo, likaondoka. Mama akapapasa ukingo wa dirisha, akaushika kwa mikono miwili.

"Halijatoka," akasema polepole. "Nilisikia mlango unafungwa. Nikangoja injini, kimya. Nikasema labda magari ya siku hizi ndivyo yalivyo, nikahesabu muda wako wa kila siku, nikaanza." Akavuta pumzi. "Jicho la kulia liliondoka mwaka juzi. La kushoto limejikokota mpaka mwaka huu. Sasa naona mwanga na kivuli. Wewe hapo ulipo ni kivuli chenye harufu ya jasho."

"Na jana? Jana uliniingiza! Na juzi!"

"Kwa masikio, kwani kwa nini? Gari lako lile bovu linasema kila kitu. Ekzosi ikiwa barabarani inalia wazi. Mkia ukiingia getini, inalia kama mtu anayeongea ndani ya pipa, na upande uliobana ndio unaopayuka zaidi. Gurudumu la nyuma likikanyaga mfuniko wa mtaro, kling, hapo najua uko sawa. La mbele likikanyaga, kling ya pili, nahesabu pumzi nne. Basi."

Mpima akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa. Kazini ana chombo cha miguu mitatu kinachoongea na mitambo ya angani, ana wasaidizi wawili wa kushika fimbo, na bado kuna siku vipimo vinakataa kukutana. Na hapa ameketi mwanamke ambaye kwa miezi kadhaa amepitisha chuma cha tani nzima kwenye uwazi wa sentimita kumi na tisa, asione kitu, na gari halina mkwaruzo hata wa kusingiziwa. Alitaka kumkemea, akashindwa. Alijisikia mdogo, na alijisikia fahari, vyote kwa pamoja.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Niliposema nyonga inauma, mkaniondoa jikoni. Niliposema ngazi zinanichosha, mkaniondoa sokoni. Ningesema macho, mngeniondoa hapa dirishani. Na baada ya hapa, mwanangu, kimebaki kitanda tu."

Mpima akaushika mkono wake.

Huko nje muuzaji alikuwa amechoka kusubiri. Akahamia kwenye usukani, akaiamuru mashine ifanye kazi yake. Usukani ukazunguka vizuri kabisa, gari likajinyoosha, mkia ukalielekea geti, na mara likaanza kulia: ti... ti... ti-ti-ti-tiiii. Likasimama. Kwenye skrini ya mbele ya dereva yakatokea maandishi: nafasi haitoshi. Muuzaji akajaribu tena. Ti... ti... ti-ti-tiiii. Nafasi haitoshi. Mara ya tatu akailegeza tai.

"Hicho kinacholia ni nini?" Mama Njoo akauliza. Alikuwa amejiweka wima kwenye kiti.

"Ni gari, mama. Lina vifaa vya kupima umbali. Likikaribia kitu linalia haraka."

"Kila upande na mlio wake?"

Mpima akauliza dirishani. Muuzaji akajibu kwamba ndiyo, kushoto spika yake, kulia spika yake, na mlio wa nyuma ni mzito kuliko wa mbele.

"Mwambie afungue vioo vyote vya milango," Mama Njoo akasema. "Arudie. Na anyamaze."

Akarudia. Mama akainamisha kichwa, midomo ikicheza bila sauti. Akaomba tena. Mara ya tatu akainua kidole kabla mlio wa kulia haujaanza, na ukaanza palepale.

"Mashine yenu ina masikio mazuri kupita yangu," akasema, na alisema kwa heshima, kama anavyomsifu mtu wa kazi. "Ila ni mwoga. Inasikia ukuta unakaribia, inakata tamaa. Ukuta lazima ukaribie, hilo geti lina wembamba wake! Upande unaolia kwanza ndio uliobana. Zikilia pande zote pamoja, uko katikati, pita. Mkwe, rudi kwenye gari. Iondoe mashine kwenye usukani, iache ilie tu."

"Mama, hili si gari langu. Likikwaruzika—"

"Umewahi kukwaruzika?"

Mpima akarudi. Safari hii alijua kwamba anaongozwa na mtu asiyeona, na bado aliposikia "njoo" mguu wake uliachia breki bila kuomba ushauri. Kushoto kukalia. "Kata kulia kidogo." Kulia kukalia. "Nyoosha... sasa zinaimba pamoja, unasikia? Njoo." Kelele zikawa moja, ndefu, ya kutisha, muuzaji akafumba macho. "Njoo, mwanangu, njoo, ni kelele tu... njoo... mlio mzito umeanza, huo ni ukuta wa nyuma... njoo... shubiri mbili... shubiri... basi!"

Mpima akatoka na utepe wake wa kupimia. Tabia ni tabia. Kushoto kwenye geti, kwa alama ya tairi, sentimita ishirini. Kulia, kumi na nane. Kati ya bampa na ukuta wa nyuma akaunyoosha mkono wake, kidole gumba mpaka kidole kidogo. Ilikuwa shubiri kamili. Akapima mara ya pili, si kwa sababu ya shaka, bali kwa raha yake.

"Huo mlio," akamwambia muuzaji, "unauzwa peke yake?"

"Hapana, dada. Ni kitu kimoja. Usukani, milio, vyote." Kijasho kilikuwa kimemkaa juu ya mdomo. "Ila nitakuwa mwongo nisiposema ukweli. Kujipaki kwenyewe hapa kwenu hakutafanya kazi. Umeona. Ningekuwa wewe ningeokoa pesa zangu."

"Niandikie. Na milio isikike mpaka nje."

Muuzaji akamtazama, akatazama dirisha, akatoa fomu. Akajaza hapa, akajaza pale, akafika mwisho.

"Siku ya kukabidhi gari tunatoa mafunzo ya kifaa kwa mtumiaji. Niandike wewe?"

"Mwandike mama."

"Huyu mama?" Akashusha sauti. "Kwani anaendesha?"

"Ananiendesha mimi," Mpima akasema, wala hakushusha yake.

Kule dirishani kicheko kikapasuka, kile cha ghalani, cha kusikika upande wa pili wa lori. Mpima akaenda kusimama chini ya dirisha.

"Ila Jumanne tunakwenda kwa daktari wa macho, mama. Wewe na mimi. Na mwanao nitamwambia mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Mama Njoo akaushika ukingo wa dirisha.

"Na kiti changu?"

"Kiti hakitoki hapo."

Mama akalivuta neno lile ndani kama pumzi ndefu. Kisha akapangusa uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwani, akakifunga upya, akageuza sauti kumtafuta muuzaji.

"Kijana wa tai! Hayo mafunzo ni saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi, mama."

"Uje saa tatu kweli. Sipendi kufanya kazi na mtu anayechelewa."