Oili ya Kefa

Hilari alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii, na wala si kikubwa: mama yake amwite kwa jina lake. Basi. Hakutaka shamba, hakutaka ng'ombe. Lakini tangu azaliwe alikuwa mdogo wake Kefa, na Kefa alipokufa kwa homa ya mapafu, Hilari akaendelea kuwa mdogo wake Kefa, maana kufa hakukumpunguzia Kefa ukaka hata chembe. Mama yao, bibi Getruda, majirani wote pale karibu na Mtwango walimwita Mama Kefa. Sasa mtu utashindana vipi na hilo?

Kefa hakuacha mke wala mtoto. Aliacha Landrova, kuukuu, iliyokuwa ikipeleka viazi na abiria Makambako, na kila mtu barabarani aliijua kwa jina la mwenyewe.

Alipokuwa hai, Kefa akirudi safari alikuwa akigonga mlango wa mama yake mara mbili, anatulia, kisha mara moja. Ko-ko. Ko. Mama anaitikia kutoka kwenye moto, "Ee, Kefa," ndipo anaingia. Basi baada ya mazishi, siku Hilari alipoiwasha Landrova kwa mara ya kwanza, injini ilinguruma, ikatulia, halafu kutoka ndani kabisa kwenye vyuma ikagonga. Ko-ko. Ko. Mama, ambaye macho yake yalishaingia ukungu, akainua uso pale barazani.

"Ee, Kefa," akasema.

Ikawa ndiyo salamu ya kila asubuhi. Hilari anawasha, injini inagonga, mama anamwitikia marehemu. Ilimuuma, tena ilimuuma sana. Yeye ndiye anayeamka na baridi ile ya kukata masikio, yeye ndiye anayemchemshia mama maji, yeye ndiye aliyepasuka mikono kwa magunia ya viazi, lakini anayesalimiwa ni wa kaburini. Faida aliyoipata kwenye kule kugonga ni moja tu: oili ikipungua, injini iligonga kwa nguvu zaidi, hivyo Hilari aliongeza oili kwa kusikiliza, bila hata kuchomoa stiki ya kupimia.

Miaka ile ndiyo ile ya ruksa, kila kitu kinaingia. Makambako kulikuwa na mfanyabiashara anaitwa Mustapha, mtu wa Kondoa aliyeifuata reli akanogewa, na dukani kwake siku moja Hilari alikuta makopo ya rangi ya dhahabu yamepangwa mpaka darini.

"Hii sintetiki," Mustapha akamwambia. "Haichimbwi ardhini, kijana wangu, inapikwa maabara. Ukiiweka, injini inanyamaza."

"Inanyamaza kabisa?"

"Utashuka kuangalia kama imezima."

Hilari hakuuliza la pili. Alibeba makopo yake mpaka gereji kwa fundi Mudy, nyuma ya stesheni. Mudy aligeuza kopo moja mkononi, akaitazama Landrova, akakunja sura.

"Bwana Hilari, injini hii imezeeka pamoja na uchafu wake. Uchafu ndio unaoziba sili, zile raba za kuzuia oili, maana zimekwisha. Oili hii itauosha wote, na ukishaoshwa, itavuja. Iache na oili yake."

"Wewe fungua, fundi. Gari langu."

Ona jinsi alivyolisema hilo neno, langu. Mudy akajilaza chini ya gari, akafungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili ikatoka nyeusi, nzito kama uji wa ulezi, ikajaa kwenye karai polepole. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwa Hilari. Injini imezimwa muda mrefu. Na bado, kwenye lile karai, kitu kikagonga bati. Ko-ko. Ko.

Mudy alitoka chini ya gari, akajifuta mikono. "Umegonga wewe?"

"Sijagonga."

Fundi akarudi chini, akafunga nati, kisha akajaza oili mpya. Aliimimina ile oili chafu kwenye dumu, akalisukuma kwa mguu kuelekea kwa Hilari, asilishike.

Njia nzima Landrova ilikuwa kimya, inateleza tu. Hilari alicheka peke yake kama mwendawazimu. Alipofika nyumbani na kulishusha dumu, lilikuwa bado na joto, ingawa lilikaa nyuma kwenye upepo safari nzima. Akaona ni mambo ya kawaida.

Upande ule wa Njombe oili chafu haimwagwi. Inapakwa kwenye nguzo, kwenye fremu, kwenye mbao yoyote ambayo mchwa anaitamani, na ukiimwaga majirani watakuona huna akili. Mlango wa mama ulikuwa umeanza kuliwa chini. Hilari akachukua tambara, akaupaka mlango wote na fremu yake, ndani na nje, mpaka dumu likakauka. Kazi nzuri, safi, ya mtoto mwema. Mlango ukawa mweusi tii.

Kesho yake akawasha gari, na injini haikugonga. Mama alingoja pale barazani, uso juu.

"Kefa mmempeleka wapi?" akauliza.

"Ni mimi nimewasha, mama. Hilari."

Mama alinyanyuka, akaupapasa mlango uliopakwa kwa kiganja, akaingia ndani.

Kisha mambo yakaanza kumnyookea, au ndivyo alivyodhani. Jioni moja alirudi akamkuta mama ana uso wa furaha. Kigoda kilichokuwa pembeni kilikuwa kimesogezwa karibu na moto, na Hilari alipokikalia akakikuta na joto.

"Asante kwa kunikanda miguu, Hilari," mama akasema. "Jana nimelala vizuri."

Hilari! Alikuwa hajamkanda mtu miguu. Jana yake alichelewa, alimkuta mama amelala. Pale ndipo alipopaswa kusema, "Mama, si mimi." Maneno matatu tu. Lakini mtu aliyesubiri jina lake maisha yote utamwambia nini?

"Usijali, mama," akajibu.

Basi ikawa hivyo. Kila jioni mama ana shukrani mpya. Hilari ameleta kuni. Hilari ameimba wimbo wa kanisani, ule wa utotoni. Hilari siku hizi anagonga vizuri kabla ya kuingia. Na Hilari mwenyewe, akiwa na vumbi la Makambako shingoni, anazipokea zote, anasema usijali, usijali. Usiku alikaa mbali na ule mlango. Ulikuwa haukauki, ukiugusa oili inabaki vidoleni, vuguvugu.

Chini ya Landrova, napo, palikuwa na doa jeusi kila asubuhi, kubwa kuliko la jana. Hilari hakuinama kuliona. Masikio yake yalisubiri injini igonge, na injini haikugonga.

Siku ya mwisho ukungu ulishuka mapema. Alikuwa anarudi kutoka Makambako na gari tupu, jua halijazama, lakini mbele haoni kitu. Landrova haikugonga, haikulia, haikuonya. Ilikaza ghafla na kusimama katikati ya barabara. Akachomoa stiki, ikatoka kavu. Injini imenoki, vyuma vimeshikana. Nyuma yake mstari mweusi ulifuata lami mpaka ulipomezwa na ukungu. Akaisukuma pembeni, akatembea.

Alifika nyumbani giza likianza kuingia, meno yanagongana. Ndani moto ulikuwa unawaka, alisikia mama anacheka. Akajaribu mlango, umefungwa. Bila kufikiri akainua mkono, akagonga. Mara mbili. Kisha moja.

Kicheko kikakatika.

"Nani?" mama akauliza.

"Mimi, mama. Hilari."

Kisha sauti ya mama, ya upole, ile ile aliyoitamani tangu utotoni.

"Hilari yuko humu ndani, anakota moto."

"Mama, mimi ndiye Hilari. Gari limekufa njiani, nimetembea. Nifungulie, nina baridi."

"Najua una baridi, mwanangu. Huko ulikolala kuna baridi." Mama alikuwa amesogea, sauti sasa iko nyuma kabisa ya mbao. "Nenda kapumzike, Kefa. Nyumba imeshapata wa kuitazama."

"Muulize jina lake, mama! Huyo aliye humo, muulize!"

"Nimuulize nini tena? Kila jioni namwita Hilari, namshukuru kwa kunitunza, na wewe unajua anajibu nini?"

Hilari alijua. Aliegemeza viganja vyote viwili kwenye mlango, na oili vuguvugu ikamtiririkia mpaka kwenye viwiko. Ndani, kigoda kilisogea. Nyayo nzito zikaja mpaka mlangoni, zikasimama kando ya mama.

"Usijali, mama," sauti yake mwenyewe ikasema.