Kamba ya Makopo

Tangu mkewe, Mama Philomène, azikwe, miaka minne iliyopita, Papa Bonaventure hakuwa amefukuza ndege hata mmoja. Shamba lake la matunda, kwenye kilima nje kidogo ya Kalemie, liligeuka hoteli ya bure. Hondohondo walimaliza mapapai, tumbili wakavunja matawi ya mapera, na majirani wakasema mzee amelegea. Waseme tu! Hawakujua ile nyumba inavyonyamaza asubuhi, mtu akichemsha chai ya kikombe kimoja. Siku aliyokata kamba ya makopo ya kufukuzia ndege, ndege hao walikuja wengi kupiga kelele hadi dirishani, na yeye, mzee mzima, akalia kwa furaha ya kupata wageni.

Basi Jumamosi moja binti yake, Odile, akashuka kwenye treni ya Lubumbashi. Hakuwa amefika tangu matanga ya mama yake. Siku hizo serikali ya Zaire ilikuwa imeyakataza majina ya ubatizo, lakini kwa baba yake alibaki Odile. Treni ingerudi Jumatatu mchana, na nyingine ingekuja baada ya wiki nzima. Papa Bonaventure alitaka jambo moja tu: amwambie mtoto aiache hiyo ya Jumatatu. Aliyapanga maneno njiani kutoka stesheni, akayameza. Jumapili akayapanga tena kanisani, katikati ya mahubiri, Mungu amsamehe.

Odile alipotembezwa shambani alishika kiuno.

"Papa, unaacha ndege bakule tu hivi?"

"Banakula kidogo, mama."

"Kidogo? Angalia hii papai, imebaki maganda! Na kamba yangu ya makopo iko wapi?"

Kamba ilikuwa kazi yake utotoni. Alishinda ameketi kwenye ngazi ya mlango, akiivuta, makopo yakilia toka mti hadi mti.

"Ilikatika," baba akajibu. Ilikatika kweli, ila kwa kisu chake mwenyewe.

Jumatatu baba alikwenda sokoni mapema, akanunua dagaa wa kuwatosha watu wawili kwa wiki. Leo nasema, alijiambia njia nzima. Kabla hajafika nyumbani akasikia makopo.

Odile, jasho usoni, alikuwa amefunga kamba mpya kutoka mlangoni hadi mpera wa mwisho, makopo ya maziwa ishirini na moja. Akaivuta kwa nguvu. Shamba zima likaruka. Ndege walivuka bonde, tumbili wakawafuata chini wakilalamika, wote wakapotea.

"Naona sasa naweza kwenda bila wasiwasi," Odile akasema. "Usiku nilikuwa nawaza, nitamuachia Papa nini?"

Alifurahi mno, uso wake ulikuwa ule wa umri wa miaka tisa. Utamwambia nini mtu kama huyo?

"Aksanti, mutoto yangu," akasema. "Ile njo kazi ya kweli."

Akamfungia wale dagaa wote kwenye gazeti, akambebea sanduku hadi stesheni. Treni ikaondoka na maneno yake yakiwa bado kooni.

Aliporudi, shamba lilikuwa kimya. Hata njiwa hakuwepo. Upweke ulimshika vibaya, akatoa kisu, akaenda moja kwa moja kwenye kopo la kwanza.

Fundo lilikuwa limekazwa sana, ncha ya kamba imerudishwa ndani mara mbili. Philomène ndivyo alivyofunga, na ndivyo alivyomfundisha binti yake. Papa Bonaventure alilishika kwa muda mrefu, kisha akarudisha kisu mfukoni.

Akang'oa majani, akaanza kuyashindilia ndani ya makopo, moja baada ya jingine, bila kugusa fundo lolote. Ilimchukua hadi jioni. Alipomaliza akaivuta kamba kujaribu. Makopo yote ishirini na moja yakacheza, hakuna lililolia.

Ndipo akapasua papai, akaweka nusu kwenye ngazi, pale alipokuwa akikaa Odile, akaketi kando yake kungoja atakayetangulia kurudi.