Pamba Mdomoni

Usiku wa kuamkia leo niliota namwosha Zamda mara ya pili.

Juzi nilimwosha kweli. Alikuwa akiandika gazetini habari za mheshimiwa mmoja na mashamba ya watu aliyoyachukua. Waliomleta nyumbani walisema ameteleza bafuni. Mimi ndiye mwosha maiti wa mtaa wetu, upande wa wanawake. Na kwetu mwosha akiona jema kwa maiti hulisema, akiona aibu huisitiri. Niliona vifundo vya mikono vimechubuka kwa kuzunguka, alama za kamba. Mama yake aliponiuliza mlangoni, nikamwambia uso wa mwanawe ulikuwa na nuru.

Basi ndotoni namwagia maji. Zamda anafumbua macho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," nasema, na naendelea kumwagia, maana josho halikatishwi.

Pazia linafunguka, kumbe tumo sebuleni kwa mheshimiwa. Sakafu ya bafu imeitwa kutoa ushahidi. Imekuja yenyewe, imejikunja kama mkeka, imekaa kitini. Inasema imepigwa saruji ya kukwaruza tangu siku ya kwanza. Haijapata kumtelezesha mtu, hata mtoto mwenye povu la sabuni. Mheshimiwa anaishukuru kwa kufika, kisha anaamuru ikapakwe mafuta.

"Na mwosha je?" anauliza.

Kata ya kumwagia maji niliyoishika inanijibia. "Mwosha hasemi."

Watu wanapiga makofi. Mheshimiwa anainuka, anachukua pamba ya maiti na kunijaza mdomoni kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama anayelisha mgonjwa. Ananiita mama. Anasema nimemsitiri vizuri kuliko hata ndugu zake.

Zamda anakaa kitako juu ya kitanda cha kuoshea, maji yanamchuruzika.

"Bibi, aibu ile ilikuwa yangu?"

Natikisa kichwa kukataa.

"Basi umemsitiri nani?"

Nataka kumjibu, pamba inazidi kujaa. Natafuta pa kuuweka uso wangu, sipaoni. Nauvua, nauweka kwenye beseni, juu ya maji. Unaelea pale, unanitazama. Nauzungusha uangalie ukutani, unarudi.

Nikaamka. Kulikuwa na kitu ndani ya shavu. Nikakitoa kwa kidole: kipande cha pamba, kinanukia kafuri ya maiti.

Nikajitanda kanga nikaenda matangani. Mama Zamda alikuwa amekaa kwenye mkeka na wenzake. Aliniamkia, akanisogezea nafasi, kisha akanitazama.

"Mama, mbona mdomo wako unanukia kafuri?"

Nikamshika mikono yote miwili, pale pale kamba ilipopita kwa mwanawe, nikaanza kusema.